Utupa, Pareto na Mwarobaini: Habari za Mimea Iliyotumiwa Kuua Wadudu wa Mboga

Mtu apitaye asubuhi katika mashamba ya mboga, ikiwa ni Lushoto au Limuru au Kisii, huenda akamkuta mwenye bustani amebeba bomba mgongoni, naye akiulizwa afanya nini, atajibu, "Napiga dawa." Jibu hilo halimshangazi msemaji yeyote wa Kiswahili. Walakini mtu akilitafakari kidogo ataona kwamba kilichomo ndani ya bomba si kitu cha kumponya yeyote, bali ni kitu cha kuua. Kabichi ndiyo inayopona, kiwavi hufa. Neno dawa tulilipokea kutoka Kiarabu, na neno sumu kadhalika, lakini katika mazungumzo ya kila siku la kwanza limetanuka mno: twasema dawa ya homa, dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya mbu, dawa ya panya. La pili limebaki na ukali wake, na watu huogopa kulitamka. Msomaji aliyejifunza Kiyunani atakumbuka neno pharmakon, lililobeba maana zote mbili pamoja, ya kuponya na ya kuua. Basi si sisi peke yetu tulioufunga mzigo huo kwa kamba moja.

Nisingaliandika habari hii kama lingalikuwa jambo la maneno tu. Lakini katika bustani nyingi za shule na za vijiji watu wamerudia kutengeneza maji ya majani na ya mbegu ili kuwaua viwavi na vidukari, wakiacha dawa za dukani kwa sababu ya bei yake au kwa kuhofia madhara yake. Hilo ni jema, nami sina nia ya kulipinga. Kinachonitia wasiwasi ni sentensi inayofuatana nalo kila mahali: "Hii ni dawa ya miti tu, haidhuru." Historia ya mimea yenyewe haikubaliani na sentensi hiyo. Karibu yote inayosifiwa leo ilijulikana kwanza kuwa sumu, na iliingia bustanini kwa sababu hiyo hasa.

Nianze na utupa, kwa kuwa huo ni wa kwetu. Ni kichaka kipatacho kimo cha mtu au kupita. Majani yake yamepangwa pande mbili za kikonyo kama unyoya wa ndege, nayo yana malaika laini. Maua yake ni meupe au ya zambarau. Maganda yake yana nywele kama kiwavi. Ni wa jamaa moja na kunde na maharagwe. Wataalamu wa mimea wameuita Tephrosia vogelii, kwa kumkumbuka Mjerumani Theodor Vogel, aliyefuatana na msafara wa Waingereza katika mto Niger mwaka 1841 na kufa mwaka ule ule. Waganda huuita muluku, na Wanyarwanda umuruku, ambalo waziwazi ni neno lile lile katika kanzu nyingine. Wabemba wa Zambia huuita ububa. Mmea wenye majina ya namna hii, kila kabila au kila kundi la makabila likiwa na lake, si mgeni wa jana.

Kazi yake ya zamani ilikuwa kuvua samaki. Wakati wa kiangazi, mto ukipungua na maji yakabaki katika madimbwi, majani yalitwangwa, yakatiwa katika vikapu au kutupwa vivi hivi, na maji yakakorogwa. Baada ya muda samaki walianza kuelea wakiyumba kama walevi, na watu wakawaokota kwa mikono, kwa tenga na kwa nyavu. Aghalabu ilikuwa kazi ya watu wengi pamoja, si ya mtu mmoja, kwa sababu dimbwi likishatiwa utupa, samaki wote humo hupatikana siku moja, wakubwa kwa wadogo. Waliokula samaki hao hawakudhurika, na jambo hilo bila shaka liliwafanya watu wauone utupa kuwa sumu ya namna ya peke yake, sumu ya samaki. Leo sheria za uvuvi za Tanzania na za Kenya zakataza kuvua kwa sumu ya namna yoyote. Sababu yaeleweka: kinachookotwa ni chakula cha siku moja, na kinachopotea ni vifaranga vya samaki wa mwaka ujao.

Hapa nisimame kidogo kwa ajili ya wapenda maneno. Wamalai, mbali sana na sisi ng'ambo ya Bahari ya Hindi, wana mmea wao wa kulevya samaki, nao huuita tuba. Mtu akisikia tuba na utupa moja kwa moja atataka kuyaunganisha, na atajitetea kwa kusema kwamba bahari ni njia ya zamani, na kwamba Kimalagasi, lugha ya jirani zetu wa Bukini, ni ndugu wa Kimalai. Mimi simfuati. Maneno mafupi hufanana kwa bahati mara nyingi kuliko tunavyopenda kukiri, na vitu vyenyewe havilingani: tuba ni mmea utambaao juu ya miti mingine, na sumu yake hutafutwa katika mizizi, utupa ni kichaka kisimamacho chenyewe, na sumu yake hutafutwa katika majani. Nadhani maneno haya yamekutana njiani tu, kama wasafiri wawili waliovaa kofia za namna moja.

Walakini katika jambo moja tuba na utupa ni ndugu kweli, ingawa haikujulikana mpaka baadaye sana. Kwa Wamalai sumu ya samaki iligeuzwa mapema kuwa sumu ya wadudu. Mwaka 1848 Mwingereza aitwaye Oxley, aliyekaa Singapuri, aliandika kwamba maji ya mizizi ya tuba yafaa kuwafukuza wadudu waliokuwa wakiharibu mikungumanga. Wachina waliolima mboga katika nchi ile, wakiziuza mijini, waliloweka mizizi hiyo na kuyamwagia majani ya mboga zao maji yake. Kutoka kwao Wazungu walijifunza. Na katika miaka iliyofuata unga wa mizizi hiyo ulifika Ulaya na Marekani, ukanunuliwa na wenye bustani.

Nini hasa kilichokuwa kikiua? Mfaransa Emmanuel Geoffroy, aliyetembea Guyana ya Wafaransa huko Amerika ya Kusini, alikuta wenyeji wakilevya samaki kwa mmea mwingine wa jamaa ya kunde. Akatoa humo kitu safi chenye nguvu yote ya mmea, lakini alifariki mwaka 1894, na habari zake zikachapishwa mwaka uliofuata. Mwaka 1902 Mjapani Nagai Kazuo alitoa kitu kama hicho katika tuba, akakiita rotenoni kwa kufuata jina ambalo mmea ulijulikana kwalo katika Taiwani. Ikaja kuonekana kwamba kitu cha Geoffroy na kitu cha Nagai ni kimoja. Muundo wake ulifahamika mwaka 1932. Na katika majani ya utupa wetu wameonekana rotenoni yenyewe na jamaa zake wa karibu. Hivyo watu wa mito ya Amerika, wa misitu ya Wamalai na wa Afrika, pasipo kujuana, walikuwa wameshika sumu moja katika mimea mitatu mbalimbali.

Namna ifanyavyo kazi yaeleza yale waliyoyaona wavuvi. Rotenoni huzuia viumbe kuitumia hewa ndani ya chembe za mwili. Samaki huivuta upesi kwa mashavu yake, kiasi kwamba kipimo kidogo sana chamtosha. Kiwavi huipata kwa kula jani. Mtu alaye samaki aliyepikwa hupata kidogo mno, na tumbo lake halikipokei kwa urahisi. Lakini "kwa urahisi" si "kamwe." Mwaka 2000 wataalamu katika Marekani walionyesha kwamba panya waliotiwa rotenoni mwilini muda wa majuma kadhaa walipatwa na hali inayofanana na ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa viungo. Tangu wakati huo nchi nyingi zimeiondoa katika orodha ya dawa zinazoruhusiwa mashambani. Yule aliyekuwa akisifiwa katika vitabu vya bustani kuwa rafiki wa mkulima, kwa kuwa alitoka katika mzizi na si katika kiwanda, aliondoka kwa aibu.

Habari za tumbaku nitazipitia kwa haraka. Wenye bustani wa Ulaya walitumia maji ya tumbaku tangu karne za 17 na 18 kuwaua vidukari, na mwaka 1828 Wajerumani wawili wa Heidelberg, Posselt na Reimann, walitenga nikotini. Mwanzoni mwa karne ya 20 iliuzwa Marekani katika chupa, asilimia 40 ya nguvu yake, iwekwe maji na kupigwa juu ya mboga. Ilikuwa sumu kali kwa mtu, yenye kupenya ngozi, na walioitumia ovyo walikufa kwayo. Wapo hata leo wanaoloweka misokoto ya tumbaku usiku kucha na kuyapiga maji yake kwenye nyanya bila kufunika mikono. Isitoshe, nyanya na pilipili ni jamaa za tumbaku, na ugonjwa wa madoa madoa unaoipata tumbaku hukaa ndani ya jani hata likiwa kavu. Mtu huyo aweza kuua vidukari asubuhi na kupanda ugonjwa katika nyanya zake kwa kitendo kile kile.

Pareto yahitaji maelezo marefu zaidi, maana ndiyo iliyobadili maisha ya nchi zetu. Neno lenyewe limesafiri njia ndefu. Kwa Kiyunani pyr ni moto, na pyrethron lilikuwa jina la mmea ambao mzizi wake huwasha mdomoni. Kilatini kikalichukua jina, likaja kuhamia kwenye ua jingine kabisa, Waingereza wakalitamka kwa namna yao, na vinywa vya Kiafrika vikalilainisha kuwa pareto. Ua lenyewe ni jeupe lenye moyo wa manjano. Asili yake ni pwani ya Dalmatia, ambayo leo ni sehemu ya Kroatia. Ndugu yake mwenye maua mekundu hutoka milima ya Kaukasi na Uajemi, na unga wa maua hayo ndio uliotangulia kujulikana katika Ulaya, ukiitwa unga wa Kiajemi, dawa ya viroboto na kunguni. Huko Dalmatia husimuliwa kwamba mwanamke mmoja wa Dubrovnik alitupa pembeni shada la maua yaliyonyauka, na baada ya majuma akakuta wadudu wengi wamekufa wakilizunguka. Sijui kama ni kweli, lakini hadithi hii yapatana na tabia ya mmea, kwa kuwa nguvu ya pareto haimo katika jani wala katika mzizi, imo katika ua, na ua likikaushwa vizuri nguvu hubaki.

Kutoka Dalmatia mbegu zilifika Japani katika miaka ya 1880. Wajapani wakaikuza pareto kwa wingi kupita nchi zote, na wao ndio waliobuni ile dawa ya mbu iliyozungushwa kama nyoka aliyelala, ichomwayo usiku. Kenya iliipokea mwaka 1928, Tanganyika miaka michache baadaye. Mmea huu hupenda baridi ya milimani, maana usipopata baridi hautoi maua ya kutosha; kwa hiyo ulikaa vema Molo, Kinangop na Kisii, na upande wa Tanzania katika nyanda za juu za kusini, Mufindi na Mbeya. Maua yalichumwa kwa mkono mara kwa mara, yakakaushwa, yakapakiwa. Ilionekana upesi kwamba maua ya Kenya yana nguvu kuliko ya Japani. Vita vya Pili vilipoizuia Japani kuuza kwa mataifa ya Magharibi, Kenya ikashika nafasi ya kwanza. Pareto ya Afrika ya Mashariki iliingia katika makopo ya kwanza ya dawa ya kufuka, yaliyobuniwa Marekani mwaka 1941 ili kuwakinga askari na mbu.

Wataalamu waliochimba siri ya ua hili ni Hermann Staudinger na Leopold Ružička, waliofanya kazi hiyo Uswisi na kuchapisha matokeo mwaka 1924. Wote wawili walikuja kupewa tuzo ya Nobel, Ružička mwaka 1939 na Staudinger mwaka 1953, ingawa kwa kazi nyingine zaidi. Walitambua vitu vinavyoitwa pairethrini, vipigavyo mishipa ya fahamu ya mdudu hata akaanguka mara moja. Mwaka 1940 iligunduliwa kwamba mafuta ya ufuta yakichanganywa na pareto huizidishia nguvu, ijapokuwa ufuta peke yake hauui kitu. Jambo hili napenda kuwasimulia wanafunzi, kwa kuwa mafuta ya ufuta yamo majumbani mwao, na ni nani angalidhani?

Kwa mkulima wa mboga pareto ina wema na ubaya katika tabia moja. Jua huiharibu. Ikipigwa jioni, kesho yake au keshokutwa karibu imekwisha, na kwa hiyo sukuma wiki yaweza kuchumwa bila hofu kubwa ya sumu kubaki jani. Lakini kwa sababu hiyo hiyo viwavi wanaoanguliwa kesho hawapati chochote. Mnyama mwenye damu ya moto haidhuru sana. Samaki na nyuki huua, nyuki kama akikutwa nayo ikiwa mbichi juu ya ua. Ndiyo maana hupigwa jua likishatua, nyuki wakiwa wamerudi mzingani.

Ile haraka ya kuharibika juani ndiyo iliyowafanya wataalamu watafute mfano wake usioharibika. Mwaka 1949 Wamarekani walipata wa kwanza. Na mwaka 1973 Mwingereza Michael Elliott na wenzake wa Rothamsted walitangaza permethrini, inayovumilia jua siku nyingi. Watoto hawa wa kiwandani walimnyang'anya mama yao soko. Kenya, iliyokuwa ikiuza sehemu kubwa kabisa ya pareto ya dunia, iliporomoka mwanzoni mwa karne hii: wakulima walikaa muda mrefu bila kulipwa maua yao, wakang'oa pareto wakapanda viazi na mahindi, na kisiwa cha Tasmania huko Australia kikachukua nafasi. Pareto pia imedai gharama ya namna nyingine. Katika Rwanda, mwaka 1969, karibu hekta 10,000 za msitu zilikatwa kutoka hifadhi ya volkano za Virunga, makao ya masokwe, ili ziwe mashamba ya pareto. Msitu ule haukurudi.

Lakini kwa nini watu waliiacha mimea hii, kisha wakairudia? Jibu moja ni DDT. Nguvu yake juu ya wadudu iligunduliwa mwaka 1939 na Mswisi Paul Müller, naye akatunukiwa Nobel mwaka 1948. Ilikuwa rahisi, ilidumu, iliua kila kitu. Mbele yake nani angetwanga majani? Jibu la pili alitoa nondo mdogo wa kabichi, yule ambaye kiwavi wake wa kijani hutoboa majani na, akiguswa, hujitupa na kuning'inia kwa uzi. Mwaka 1953 iliandikwa kutoka Lembang, katika kisiwa cha Java, kwamba nondo huyu hafi tena kwa DDT. Hakuna mdudu wa mazao aliyetajwa kushinda dawa hiyo kabla yake. Tangu hapo ameshinda dawa moja baada ya nyingine, na yeyote aliyelima kabichi Afrika ya Mashariki amjua. Wakulima waliongeza kipimo, wakachanganya dawa mbili tatu katika bomba moja, wakapiga kila juma. Na wadudu wema walao vidukari na viwavi wakafa kwanza, maana wao hawakuwa wamezoea.

Hapo ndipo mwarobaini ulipopata sifa. Mti huu ni mgeni kwetu, ulitoka Bara Hindi, na jina tulilompa mgeni huyu, la maradhi arobaini unayosemwa kuyaponya, limefanya kazi kubwa kuliko mti wenyewe. Wahindi tangu kale waliweka majani yake makavu kati ya nguo na nafaka. Mwaka 1959, katika Sudani, Mjerumani Heinrich Schmutterer aliona nzige wametua na kula kila jani isipokuwa la mwarobaini; na katika India, mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilijaribiwa kwamba maji yenye unga kidogo sana wa kokwa zake yakipigwa juu ya mazao, nzige hukaa njaa kuliko kuyala. Mwaka 1968 kilitengwa huko Uingereza kile kitu chenye nguvu, azadirakitini. Muundo wake ni wa kutatanisha hata ulieleweka kwa hakika mwaka 1985 tu, na kukitengeneza katika maabara kuliwachukua Steven Ley na wenzake wa Cambridge miaka 22, wakamaliza mwaka 2007. Mti hufanya kazi hiyo kila mwaka barabarani Mombasa.

Mwarobaini hauangushi mdudu papo hapo. Humwondolea hamu ya kula, na kiwavi aliyekula kidogo hushindwa kujivua ngozi yake ili akue, akafa siku kadhaa baadaye. Mkulima aliyezoea dawa ya dukani huja asubuhi, akawakuta viwavi wazima juu ya kabichi, akasema mwarobaini ni uongo. Na kwa upande mwingine jina lake limewafanya wengi wauamini kupita kiasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 madaktari wa Malaysia walieleza habari za watoto wachanga walionyweshwa mafuta ya mbegu zake kuwa dawa, wakaugua vibaya ubongo na ini, na wengine wakafa. Mafuta yale yale hupigwa juu ya mchicha.

Nirudi sasa kwenye utupa, kwa kuwa habari yake haijaisha. Nimewahi kuwasikiliza walimu wawili wakibishana juu yake. Mmoja aliapa kwamba maji ya utupa yaliokoa maharagwe ya shule yake. Wa pili, mtu mwangalifu asiyependa kusema uongo, alisema ameyapiga mara nne na vidukari wakanona. Wakati ule nilidhani huyu wa pili alikosea kuloweka. Lakini mwaka 2012 Philip Stevenson wa Kew na wenzake, waliokuwa wakichunguza utupa wa Malawi, walichapisha jambo ambalo kama lingalijulikana mapema lingaliondoa ubishi mwingi. Utupa ni wa namna mbili. Kwa macho hauna tofauti, jani kwa jani na ua kwa ua. Namna moja ina rotenoni na jamaa zake, nayo huua. Namna ya pili haina, nayo haiui kitu. Wakulima kadhaa walikuwa wamepanda namna hii ya pili, wakaitwanga na kuipiga kwa bidii bure. Ikumbukwe kwamba katika Malawi na Zambia mbegu za utupa zilisambazwa sana kwa ajili ya kurutubisha udongo, na kwa kazi hiyo namna zote mbili zafaa sawasawa. Kwa hiyo aliyegawa mbegu hakuwa na sababu ya kuuliza.

Nawaza wazee waliovua mitoni. Wao hawakuweza kudanganyika, maana samaki angewaambia saa ile ile. Kichaka kisicholevya kingeachwa, na mbegu za kile kilevyacho zingetunzwa. Kama hivyo ndivyo ilivyokuwa, basi kule kuvua kulikokatazwa, tena kwa haki, kulikuwa pia ndiko kipimo cha mmea, na tulipoacha kazi ile tulibaki na jina la utupa bila njia ya kujua ni upi.

Jambo jingine: rotenoni haiyeyuki vema katika maji matupu. Wazee waliotwanga na kukoroga walitumia majani mengi mno kwa dimbwi dogo. Katika bustani, sabuni kidogo ikitiwa katika maji ya kulowekea, hutoa sumu zaidi kutoka katika jani na kuifanya ishikamane na mboga. Mwaka 2015 Prisila Mkenda, Patrick Ndakidemi na wenzao, wa Taasisi ya Nelson Mandela iliyoko Arusha, walitoa matokeo ya majaribio yaliyofanywa kaskazini mwa Tanzania kwa njia hiyo juu ya maharagwe, wakitumia utupa na magugu mengine yaotayo kando ya mashamba, kama alizeti-mwitu. Mavuno hayakupungukiwa na yale ya dawa ya kiwandani, na buibui pamoja na wale wadudu wadogo wa mviringo wenye madoa, walao vidukari, walibaki wengi zaidi. Huo ni ushahidi mzuri, nami naupokea kwa furaha.

Lakini bomba la utupa wenye nguvu, likioshwa mtoni, hufanya mtoni kazi ile ile iliyokuwa ikifanywa na wazee, isipokuwa sasa hakuna aliyekuja na tenga. Katika shule niliyoitembelea, bwawa dogo la samaki aina ya perege limechimbwa hatua thelathini chini ya bustani ya mboga, ili maji yatumike mara mbili. Watoto walikuwa wakitwanga majani kwa mikono mitupu na kuimba. Ndoo ilikuwa na maandishi ya chokaa: DAWA. Niliomba chokaa, na mwalimu wa zamu, baada ya kucheka, akaniachia niandike neno lile jingine chini yake.